Granada mara ya pili, na swali la nguo

Nilimsimamisha mdogo wangu pale pale niliposimama mimi miaka saba nyuma: kwenye ukuta mfupi wa Mirador de San Nicolás, kiwanja cha kutazamia mji huko Granada, Hispania, upande wa kushoto, jua likizama. Ng'ambo ya bonde Alhambra, ngome na kasri ya wafalme wa Kiislamu wa zamani, ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mchana ina rangi ya vumbi. Saa ile inaiva kama chungu kilichotoka motoni, na ndipo mtu anapofahamu kwa nini Waarabu waliiita al-Hamra, Nyekundu. Kijana mmoja alikuwa anapiga gita. Watu walijaa, simu juu.

Mimi sikuwa naitazama Alhambra. Nilikuwa namtazama yeye.

Nilisubiri ashike kinywa. Nilisubiri hata machozi, kwa kuwa mimi pale nililia. Jioni ile ya kwanza nimemsimulia tangu 2016, kwa simu na kwa jumbe za sauti za dakika nane nane. Safari yote hii, na akiba ya miezi kumi na minne, na viza, na yeye kuvuka bahari kwenda Dar na kurudi, vyote nilivifanya ili asimame pale.

Alitazama vizuri, bila haraka. Kisha akageuka, akaipa Alhambra mgongo, akainua macho kwenye nyumba nyeupe za Albaicín, mtaa wa kale wa mlimani, zilizokuwa nyuma yetu.

"Dada," akasema, "watu wa hapa wanaanika wapi nguo?"

Nilikasirika. Nilimjibu kitu chepesi, sikumbuki nini, tukaenda kusali magharibi kwenye msikiti ulio hatua chache kutoka pale, ule uliofunguliwa mwaka 2003, zaidi ya miaka 500 tangu mji utekwe na wafalme Wakristo. Nilisali na hasira yangu kifuani.

Hii ni wiki ya saba tangu turudi, yeye Unguja, mimi Uingereza. Swali lake halijaniacha.

Nilichokipenda mara ya kwanza

Novemba 2016 nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimetoka kwenye miezi ya zamu za usiku, mwaka wangu wa tisa bila kukaa nyumbani zaidi ya wiki tatu mfululizo. Granada niliichagua kwa sababu tiketi ya ndege ya Málaga ilikuwa rahisi na basi la kutoka huko halichukui hata saa mbili. Sikujua kitu kingine.

Nikapita Carrera del Darro na sanduku langu, mto upande mmoja, kuta upande wa pili. Nikakata kushoto kupanda Albaicín. Kichochoro kikajikunja, kikapanda, kikabana hadi nikaweza kugusa kuta zote mbili kwa mikono. Kulikuwa na harufu ya kuni, ya paka, na ya mtu anayekaanga vitunguu nyuma ya mlango uliofungwa.

Miguu yangu iliijua njia ile.

Siwezi kuieleza vinginevyo. Mtu aliyekulia kwenye vichochoro anajifunza mwendo wa aina yake: bega moja mbele, sikio likisikiliza kona kabla jicho halijafika. Uingereza sikuwahi kuuhitaji mwendo ule. Granada ulinirudia wenyewe, kabla sijaona hata jengo moja la maana.

Usiku nilikaa kitandani na daftari. Azúcar, sukari. Azafrán, zafarani. Alcanfor, kafuri. Berenjena, biringani. Mezquita, msikiti. Mtu ambaye jina lake halijulikani wao humwita fulano, sisi fulani, na sote tumemchukua kwa Mwarabu. Hata lile hasta wanalolisema kutwa nzima lina asili moja na hata yetu. Nilijaza kurasa nne. Nilijiona kama niliyefungua sanduku la marehemu bibi nikakuta pete yangu ya utotoni.

Nilirudi kazini nikiamini nimepata kwetu kwa pili, kulikokuwa saa tatu tu kwa ndege.

Macho ya mwenyeji

Mdogo wangu hajahama Mji Mkongwe. Amezaliwa humo, ameolewa humo, wanawe wanasoma humo. Mlango wa nyumba anayoishi umo katika picha za watu asiowajua, Italia, Korea, Afrika Kusini. Anajua kutoka nje na ndoo ya takataka huku mtu akimwomba kwa ishara asubiri kidogo, picha iishe.

Nilikuwa nalijua hilo. Sikuwahi kulifikiria.

Siku ya kwanza nilimwambia kwamba Albaicín iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1994, ikaungana na Alhambra na bustani za Generalife zilizotangulia 1984, na Mji Mkongwe ukafuata mwaka 2000. Nilimsimulia kama mtu anayesimulia ndugu waliopotezana.

"Na kodi zilipanda?" akauliza.

Kisha akaanza kunionyesha vitu. Visanduku vidogo vya funguo vilivyoning'inizwa kwenye nondo za madirisha, vyenye namba za siri, ili mgeni ajifungulie mwenyewe. Katika kichochoro kimoja alivihesabu vinane. Mara ya kwanza mimi sikuviona, au niliviona nikavipita. Akanionyesha saa kumi na mbili unusu asubuhi, watu waliovaa sare wakishuka kwenye mabasi madogo mekundu, wanapanda mlimani kuja kufanya usafi katika nyumba ambazo bila shaka wao wenyewe hawalali. Akanionyesha kibao kilichoandikwa kwa mkono kwenye roshani. Nikamsomea: hapa wanaishi majirani, tafadhali msipige kelele.

"Wametuandikia sisi," akasema.

Na kila tulipopita chini ya roshani isiyo na kitu, akainua macho. Alikuwa anatafuta nguo. Shuka, fulana, suruali ya mtoto, chochote. Nyumba isiyoanika, alisema, haina mtu. Kule kwetu ndivyo anavyojua nyumba ipi imegeuzwa hoteli: siku moja kamba inaondoka.

Usiku mmoja

Nilikuwa na karata yangu ya mwisho, nayo ni Ibn Battuta. Nilimwekea makusudi hadi siku ya tatu, tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa Paseo de los Tristes, Alhambra juu ya vichwa vyetu.

Nikamwambia: mtu mmoja, kutoka Tangier, aliwahi kufika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Karibu miaka ishirini baadaye akaja hapa. Granada hii hii. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa, hakumwona, lakini mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Na hapa ndipo alipokutana bustanini na kijana msomi, Ibn Juzayy, ambaye baadaye huko Fez ndiye aliyeandika safari zake zote kutoka kinywani mwake, hadi mwaka 1355. Kwa hiyo Kilwa tunayoisoma leo, nikamwambia, imepita kwenye kalamu ya mtu wa Granada.

Hadithi hii naipenda kuliko nyingi ninazozijua. Bado naipenda.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mombasa alikaa siku ngapi?"

Nikasema, usiku mmoja.

"Usiku mmoja," akarudia. Akatazama mto. "Na watu wa Mombasa wanasomwa kwa usiku ule mpaka leo."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa Granada usiku nne mwaka 2016, na kwa miaka saba nimewaeleza watu mji ule ulivyo.

Ndani

Sitaki msomaji adhani alikuja kununa. Saa nne na nusu asubuhi tuliingia kwenye majumba ya Wanasri, wafalme wa mwisho wa Kiislamu wa Granada, kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi na pasipoti mkononi, na humo ndani mambo yaligeuka. Mimi, niliyesoma mengi, nilikuwa natafuta vitu ninavyovijua: uwa wenye hodhi ndefu, simba kumi na wawili, dari la vipande maelfu vya mbao. Yeye alisogea ukutani akaanza kusoma.

Alisoma chuoni vizuri kuliko mimi. Maandishi yaliyosukwa yalimshinda mengi, lakini kuna maneno yanayorudiwa ukuta hadi ukuta, mamia ya mara, kauli ya wafalme wale. Aliyatambua, akayatoa kwa sauti ya chini, kidole kikifuata hewani bila kugusa: wa la ghaliba illa Llah. Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akaenda ukuta wa pili, akayakuta tena. Akaenda wa tatu.

Tulipotoka kwenye mwanga alisema, "Waliandika hivyo, na wakashindwa, na maneno bado ni kweli."

Nimeyafikiria maneno yake zaidi ya kitabu chochote nilichokisoma juu ya jumba lile.

La kweli

Tuligombana usiku wa nne, ndani ya chumba cha chai cha Calderería Nueva, mtaa wa taa za rangi na mikoba ya ngozi. Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia kwamba ameharibu safari kwa maswali ya kodi na kamba, kwamba mji huu una misiba yake mikubwa anayostahili kuijua. Nikaanza kumtajia. Januari 2, 1492, funguo zikakabidhiwa. Machi 31 mwaka ule ule, katika mji huu huu, amri ya kuwafukuza Wayahudi ikatiwa saini. Miaka michache baadaye Waislamu wakalazimishwa ubatizo. Mwaka 1568 wakaasi, wakashindwa, wakatawanywa, na kati ya 1609 na 1614 Wamorisko, yaani kizazi cha Waislamu wale waliobatizwa, wakatolewa Hispania. Albaicín ilibaki na nyumba, watu wakabadilishwa. Kanisa la El Salvador tulilolipita asubuhi, uwa wake ni uwa wa msikiti.

Aliniacha nimalize. Chai ilikuwa imepoa.

"Dada, nyumba tuliyokulia, bibi aliingia lini?"

Nilinyamaza, maana najua. Baada ya Mapinduzi ya 1964.

"Kabla yake alikaa nani?"

Hatumjui. Hatukuwahi kuuliza. Kulikuwa na kabati moja kubwa la msaji ambalo halikupita mlangoni, kwa hiyo halikuondoka, na bibi aliweka humo shuka zake mpaka alipokufa. Mimi nilijificha ndani ya kabati lile utotoni, na lilikuwa na harufu ya karafuu na ya mtu mwingine.

"Wewe unawalilia wa hapa," akasema, wala hakuipandisha sauti. "Si vibaya. Lakini unakuja kwetu kila miaka miwili unapiga picha milango. Mwaka jana uliniambia nisimame mbele ya mlango wangu na kanga, nisicheke. Nilisimama. Nilikuona unanitazama kama wanavyonitazama wao."

Nilitaka kukataa. Picha ile ninayo. Naiona kila ninapofungua simu.

Tulirudi tulipofikia bila kuzungumza, tukilala kitanda kimoja kama zamani, kila mtu na ukuta wake.

Kunazi

Bahati yetu ilikuwa mwisho wa Septemba. Jumapili ya mwisho ya mwezi ule watu wa Granada humtoa Virgen de las Angustias, Bikira mlinzi wa mji, katika maandamano, na siku zinazozunguka sikukuu hiyo meza za matunda ya msimu hupangwa katikati ya mji, karibu na kanisa lake. Mimi sikujua. Mwaka 2016 nilikuja Novemba, na tena sikushuka mjini kwa watu isipokuwa kutafuta chakula.

Tulishuka kwa sababu hatukuwa na hamu ya kupanda. Meza zilikuwa na makomamanga, na hilo ni la kutarajiwa: granada ni komamanga, na komamanga limechongwa hadi kwenye vigingi vya chuma vya njiani. Palikuwa na mikate mipana ya sukari iliyojazwa tamu ya boga. Nami nilikuwa naanza kumweleza habari za komamanga, kwamba na sisi jina letu limebeba Manga, yaani Arabuni, ndani yake, nilipotazama nikamkuta hayupo.

Alikuwa meza ya tatu, ameshika kitunda kidogo cha kahawia chekundu, ngozi imeng'aa.

"Kunazi!" Alipiga kelele kama mtoto. "Dada, kunazi!"

Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye aproni ya buluu, akasema: azufaifas. Mdogo wangu akasema: kunazi. Yule akarudia lake, huyu akarudia lake. Wakacheka. Muuzaji akaweka moja mdomoni, akatafuna, akatoa kokwa, akaionyesha kwenye kiganja. Mdogo wangu akafanya vile vile. Kisha wakaanza kuzungumza. Mmoja Kihispania cha Granada kinachomeza mwisho wa maneno, mmoja Kiswahili cha Unguja, kwa dakika kumi nzima, kuhusu nini sijui, maana niliposogea ili nitafsiri mdogo wangu alinisogeza kwa kiwiko.

Haya ni makubwa kuliko ya kwetu, matamu zaidi, hayana ule ukakasi. Lakini ni jamii ya mkunazi, hapana shaka.

Nilisimama kando na mfuko wa makunazi nusu kilo. Kwenye daftari langu la 2016, kurasa nne, hakuna neno hata moja nililolipata kwa mtu. Yote niliyapata kwenye vibao, menyu na kamusi.

Mchana tulipanda mtaa wa Realejo, uliokuwa wa Wayahudi, na juu kabisa tukakuta lavadero ya Puerta del Sol, mahali pa kufulia pa umma pa karne ya 17: hodhi la mawe chini ya paa linalobebwa na nguzo, mji wote umelala chini yake. Hakuna afuaye tena. Mdogo wangu alipitisha kiganja kwenye ukingo wa jiwe, akapata mahali lilipolika kwa kusuguliwa.

"Kufua nimeona," akasema. "Bado kuanika."

Safari hii nilicheka naye.

Kamba ya jirani

Siku ya mwisho alifua kanga yake. Chumba tulichokodi kilikuwa na karatasi ya masharti ukutani, na sharti mojawapo ni kutoanika kitu dirishani. Alikuwa amesimama nayo mkononi, inachuruzika maji kwenye sinki, nasi tunaondoka saa tisa, ndipo tulipoisikia sauti juu yetu. Bibi mmoja mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, alikuwa anatutazama kutoka kwenye paa la nyumba inayopakana na uwa wetu. Akaashiria kanga. Akaashiria juu. Kisha mlango wake ukafunguliwa.

Ngazi zilikuwa nyembamba kama zetu. Paa lilikuwa tambarare, limezungukwa na ukuta wa kimo cha kifua, na ndiyo sababu kutoka njiani hatukuwa tumeona kitu. Kamba tatu. Mashuka, mataulo, soksi, gauni la ndani. Juu ya paa la pili kamba nyingine. Juu ya lile la mbele, nyingine. Si nyingi. Tulizihesabu tano kutoka pale, kwa mapaa yote yale.

Bibi alitwambia kwamba zamani mapaa yote yalikuwa meupe siku ya Jumatatu. Mimi nilitafsiri, na mdogo wangu akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari ya msiba wa mtu wa nyumbani.

Wakaitandaza kanga wawili, kila mmoja pembe zake, wakaivuta ikanyooka, wakaibana kwa vibanio vya mbao. Nyekundu na nyeusi, maandishi chini. Nyuma yake, ng'ambo ya bonde, Alhambra. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliiacha.

Bibi akainama kwenye maandishi. Akauliza yanasema nini.

*Hata ukinichukia la kweli nitakwambia.*

Kihispania changu ni cha kununulia tiketi. Nilitafuta la kuchukia, nikalipata nusu. La kweli nikalipata. Sentensi nzima ikanikatalia. Nikarudi mwanzo, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza, nikamwambia kwamba hili ni lenu pia. Hata. Hasta.

Alilitazama karibu sana, macho ameyafinya kwa jua.

"Hasta," akasema, na kidole chake kikaja kando ya changu kwenye kitambaa kibichi. Kisha akakisogeza mbele hadi neno la pili, akatugeukia, akasubiri.

Mdogo wangu akamsogelea. "Ukinichukia," akamsomea, taratibu, silabi moja moja, kama tulivyosomeshwa.